Ndivyo, Sasa Jibu

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua za msimu zimeanza leo saa nne asubuhi, katikati ya harusi ya binti ya mama mdogo. Wageni wakabanana ndani, sahani za nyama ya rendang zimeshapangwa kwenye mkeka, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata kijiko kwa sababu wasemaji wa pande mbili walikuwa bado wanakaribishana. Mmoja anasema, mwenzake anajibu, ila kabla ya kujibu sharti arudishe maneno yote aliyoambiwa, moja baada ya jingine, mpaka mwenye maneno atamke: "Ndivyo. Sasa jibu." Asiporidhika anasema "Sivyo," na kazi inaanza upya. Leo wametumia dakika arobaini kukubaliana kwamba wali uliwe.

Msemaji wa upande wetu alikuwa shemeji Zulbahri, mume wa dada yangu Gusmiati. Harusi zote wanamwita yeye maana hasahau neno. Mimi sioni sifa hapo, kasuku naye hasahau. Wali ulipoa.

Afadhali kwenye mikutano ya kijiji desturi hiyo tumeiondoa. Nasema tumeiondoa, lakini kanuni mpya niliiandika mimi mwaka jana, kwa ombi la mwenyekiti Afrizon. Zamani mkutano ulikula siku nzima. Sasa mtu anasema, mwingine anamjibu, tunarudi majumbani.

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua. Nimesahihisha insha.

Jumanne, 7 Oktoba

Kikundi changu cha mdahalo kina wanafunzi sita, na mashindano ya mkoa ni mwezi wa kumi na mbili, mjini Padang. Nina mmoja wa kutegemea: Resti, ana miaka kumi na sita, anakaa ng'ambo ya mto na huvuka daraja la kamba za chuma kila asubuhi. Akishika hoja hamwachii mtu.

Leo nimewafundisha kosa ninalolichukia kuliko yote. Niliwaita dirishani, nikawaonyesha shamba la mpunga nyuma ya shule, na lile sanamu la kufukuzia ndege lililovishwa shati kuukuu la mlinzi wetu.

"Mtu mwenyewe ni mgumu kumwangusha," niliwaambia. "Kwa hiyo mvivu anamwacha. Anachukua shati lake, analijaza mabua, analipiga mateke, halafu anageuka kuomba makofi. Wewe umesema tupunguze chumvi kwenye mchuzi, yeye anakuuliza kwa nini unataka watu wale chakula kisicho na ladha."

"Tukifanyiwa hivyo tufanyeje?" akauliza mmoja.

"Usilitetee sanamu. Sema: sikusema hivyo, nilisema hivi. Rudia maneno yako yaleyale, umtake ajibu hayo."

Resti akainua mkono. "Na kama watu wameshacheka, Mwalimu?"

"Rudia tu, polepole."

"Watu wakishacheka hawasikii."

Nikamwambia hilo tutalifanyia mazoezi. Hatukulifanyia.

Jumanne, 14 Oktoba

Mkutano wa kijiji, na nimefurahi mno kuweza kulala. Acha niandike.

Ajenda ya tatu ilikuwa daraja. Shemeji Zulbahri ndiye anayelitunza. Anakaza nati, anabadilisha mbao. Akasimama, akaongea robo saa kuhusu kutu. Huyu bwana akiongea unaweza kwenda kuanika nguo ukarudi. Kwa kifupi anataka daraja lifungwe msimu wa mvua. Niliwatazama kina mama wa ng'ambo, nikaona wameanza kutikisa vichwa kumkubalia, nikahisi moto. Watoto arobaini wanasoma kwetu kutoka kule.

Nikasimama. "Ndugu zangu, tumemsikia shemeji yangu. Anataka watoto wa ng'ambo wakae nyumbani miezi mitatu waimbe na vyura. Mwaka kesho atatuambia tufunge msikiti kwa kuwa paa linavuja."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Mjomba Datuk, mkuu wa ukoo wetu, ambaye mbele yake hatuthubutu kukaa vibaya, alivua kofia akajifunika uso nayo.

Shemeji akafungua mdomo. "Mimi sijasema..."

"Umesema daraja lifungwe au hukusema?"

"Nimesema, lakini..."

"Basi. Ahsante, shemeji."

Nikakaa. Afrizon akatangaza kwamba daraja litabaki wazi. Dakika tano tangu nisimame, ajenda ikaisha. Ndiyo raha ya kanuni mpya.

Jumatano, 15 Oktoba

Gusmiati amenuna. Nikamwambia mkutanoni hakuna shemeji.

"Nyumbani yupo," akasema, akaendelea kumenya vitunguu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Niliwapa kazi ya kuchambua hoja kwenye kumbukumbu za mkutano wowote. Resti ameenda ofisi ya kijiji akanakili mkutano wetu. Amepiga mstari chini ya maneno ya shemeji, kama karani alivyoyaandika: "Naomba daraja lifungwe siku ambazo maji yamefunika Jiwe la Nyati. Siku hizo tu. Yakishuka tunafungua." Jiwe hilo liko katikati ya mto, karibu na daraja. Akapiga mstari mwingine chini ya maneno yangu, na pembeni ameandika kwa penseli: "Sanamu?"

Nilimwita mezani. "Resti, hapa msemaji amefupisha. Msemaji hodari anafupisha."

"Lakini yeye kasema siku hizo tu, Mwalimu."

"Na msimu wa mvua siku hizo ni ngapi?"

Akafikiri. "Nyingi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni kama msimu mzima."

"Umeona?"

Nikamkata alama mbili. Akalifuta lile neno kwa kifutio mbele yangu, akapuliza vumbi la karatasi, akashukuru. Anajifunza haraka huyu mtoto.

Alhamisi, 23 Oktoba

Maji yamefunika Jiwe la Nyati. Watoto wa ng'ambo wamefika wote, wamechelewa kidogo tu. Nimemwambia dada amfikishie mumewe salamu, maana hatusemezani: mbona wamefika?

Ijumaa, 24 Oktoba

Jiwe limefunikwa. Wamefika wote.

Jumanne, 28 Oktoba

Hivyo hivyo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Nguo hazikauki, kitabu cha mahudhurio kimeota ukungu.

Jumatatu, 3 Novemba

Daraja limekatika leo asubuhi. Resti alikuwa juu yake.

Jumanne, 4 Novemba

Lazima niandike, nisipoandika nitaendelea kuliona lile daraja.

Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Nilikuwa nimewahi shuleni kwa mazoezi ya mdahalo, najikorogea kahawa, nikasikia mlio ambao sikuujua. Mlinzi wa shule alikimbia, nami nikakimbia nyuma yake na kikombe mkononi. Mpaka mtoni bado nilikuwa nimekishika.

Kamba ya upande wa chini ilikuwa imechomoka kwenye nguzo. Mbao zilining'inia zote upande mmoja, na maji mekundu yalikuwa yanazivuta na kuziachia. Wachimba mchanga wanne walikuwa wameshaingiza mtumbwi wao, wanapiga kelele, wanaelekeza kwenye mianzi iliyoinama chini ya kona ya mto. Nikaona sketi ya kijivu. Sketi za kijivu ni za shule yetu.

Walimtoa upande wetu. Mguu wa kulia ulikuwa umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki. Alikuwa anapumua. Sikuweza kumshika. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema nilisimama pale na kikombe, na mlinzi ndiye aliyevua koti akamfunika.

Halafu nikatazama ng'ambo. Shemeji Zulbahri alikuwa amesimama kwenye nguzo ya kule, amewashika watoto wawili wadogo kwa mikanda ya mabegi yao, mmoja huku mmoja huku. Mama zao walikuja kuwachukua na hakuwaachia. Walilazimika kumfungua vidole. Sikuelewa alikuwa anafanya nini kule saa ile. Alikuwa ananiangalia mimi, na mto ukivuma katikati yetu.

Jumatano, 5 Novemba

Nyonga imevunjika, paja limevunjika mahali pawili. Hajazinduka.

Alhamisi, 6 Novemba

Amezinduka. Nimelia darasani mbele ya watoto.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimezunguka kwa njia ya juu, kilomita kumi na moja za matope nyuma ya pikipiki, kumpelekea mama yake Resti wali na mchuzi wa gulai. Hakuwepo, yuko hospitali. Nikakaa kwa Bibi Nurcaya anayekaanga ndizi pale kwenye ncha ya daraja. Nilitaka tu kupumzika. Nikamwambia, kwa kutafuta la kusema, kwamba tulikuwa na bahati maana siku nyingine zote watoto walivuka salama.

Akaacha kugeuza ndizi. "Walivuka wapi, Mwalimu?"

"Tarehe ishirini na tatu. Ishirini na nne. Jiwe lilikuwa limefunikwa na walifika."

"Walifika kwa pikapu," akasema. "Kwa njia uliyokuja nayo. Shemeji yako yuko hapa kila siku saa kumi na moja alfajiri tangu mkutano wenu ule. Anaangalia jiwe. Likifunikwa anawazuia, anawaambia wasubiri pikapu ya binamu yake. Hujui?"

Sikujua. Alitoka nyumbani kwetu nikiwa bado nimelala. Nimekaa na watoto darasani wiki tatu, wameingia na matope mpaka magotini, sikuuliza.

"Na Jumatatu?" nikauliza.

"Jumatatu pikapu ilichelewa. Yule binti alikuwa na haraka, ana mazoezi yako. Akamwambia, 'Baba Zul, nipishe.' Akasema, 'Subiri gari, mwanangu.' Binti akamwambia, 'Kwa hiyo wewe hutaki tusome?' Akasema, 'Sijasema hivyo.' 'Umesema tusivuke, na shule iko ng'ambo. Kwa hiyo hutaki tusome. Na mkutano umeamua daraja liko wazi. Wewe unapinga mkutano?' Wale wanafunzi wakubwa wakacheka. Unajua mtoto yule anavyosema, maneno yamepangika. Kama wewe vile." Bibi Nurcaya hakuwa na ubaya wowote alipotamka hayo. Alikuwa anasifia. "Zulbahri akafungua mdomo, akaufunga. Akasogea, binti akatangulia wenzake. Aliwakamata wale wawili wadogo tu, maana hawakuwa na maneno ya kumpa."

Alinifungia ndizi kwenye jani. Nimeshindwa kuzila. Ziko hapa mezani, zimelowa mafuta.

Jumanne, 11 Novemba

Watu wakiumia wanatafuta mtu wa kumlaumu, na wamempata. Kijiji kizima kinasema mlinzi wa daraja alikuwepo, aliona maji, akampisha mtoto. Afrizon ameitisha mkutano tarehe ishirini na mbili. Wanataka Zulbahri aondoke kijijini arudi kwao.

Mjomba Datuk amekuja nyumbani leo. Amekaa, amekunywa kahawa yake, akamwambia shemeji mbele yetu sote kwamba ni vizuri atangulie kwao mpaka mkutano upite. Kwetu mume ni mgeni katika nyumba ya mkewe; akiambiwa hivyo na mjomba wa mke, habishani. Shemeji alisema "Sawa, Datuk," akaingia chumbani, akatoka na begi moja. Miaka ishirini na mbili ya ndoa imetosha kwenye begi moja. Alipofika mlangoni Gusmiati akamnyang'anya begi.

"Utalichukua mkutano ukishaamua," akamwambia. "Nenda hivyo hivyo."

Akaenda hivyo hivyo, na mwavuli. Kisha dada akanigeukia. "Na wewe unakunywa chai."

Nilikuwa nakunywa chai kweli.

Alhamisi, 13 Novemba

Nakiri jambo hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Hakuna mtu hata mmoja anayekumbuka nilichosema mkutanoni. Wote wanasema "mkutano uliamua." Nikinyamaza, imekwisha. Jana nilinyamaza siku nzima ili nione kama naweza, na niliweza bila taabu. Hilo limenitisha kuliko mto.

Jumapili, 16 Novemba

Nimekwenda hospitali. Mguu umening'inizwa kwa uzito wa chuma. Daktari anasema atatembea, ila nyonga haitarudi sawasawa.

"Mwalimu," Resti akasema, "mashindano mtampeleka nani?"

"Usifikirie mashindano."

Akavuta shuka. "Nilimshinda Baba Zul. Hakuwa na la kujibu." Akatazama dari. "Nilijua anasema siku hizo tu. Niliyasoma mwenyewe. Lakini nikasema vile, wenzangu wakacheka, yeye akasogea, nami nikaona basi, kumbe nina haki. Mtu akishinda si ana haki, Mwalimu?"

Nilimshika mkono. "Lile neno ulilolifuta," nikamwambia. "Ulikuwa umepata. Mimi ndiye niliyekosea."

Nilidhani atanilaumu. Akaanza kulia polepole, bila sauti, na mama yake akaniomba nitoke.

Jumamosi, 22 Novemba

Ukumbi ulijaa mpaka barazani. Mvua ilikuwa inapiga bati. Shemeji alikaa nyuma kabisa, karibu na viatu. Gusmiati alikaa mstari wa mbele, na begi la mumewe magotini.

Afrizon alikuwa amejiandaa. "Ndugu zangu, jambo ni moja. Mlinzi alikuwepo, akaona maji, akampisha mtoto. Mtu kama huyo hajali roho za watoto wetu. Kuna wa kumjibia?"

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ya mwezi wa kumi ikitoka kwenye kinywa cha mwingine: mpangilio uleule, shati lilelile limejazwa mabua. Watu wakaguna kukubali. Nikasimama.

"Kabla mwenyekiti hajajibiwa," nikasema, "naomba nirudishe maneno aliyoyasema shemeji Zulbahri tarehe kumi na nne Oktoba."

Afrizon akafungua jalada lake. "Kanuni hairuhusu, Mwalimu. Hatufanyi tena mambo hayo. Kanuni umeiandika wewe."

"Najua."

"Sasa?"

"Mwache arudishe," akasema Mjomba Datuk.

Nilikuwa nimezikariri kumbukumbu zile wiki nzima. Nikamgeukia shemeji, si ukumbi. "Ulisema kamba ya upande wa chini imeliwa na kutu pale inapoingia kwenye nguzo. Ulisema daraja lifungwe siku ambazo maji yamefunika Jiwe la Nyati, siku hizo tu, na yakishuka lifunguliwe."

Shemeji alisimama polepole. "Sivyo," akasema.

Watu wakageuza shingo kumtazama. Nikafikiri. Nikarudia kutoka mwanzo, nikaongeza: "Ulisema umeandika barua wilayani mara mbili, hawakujibu. Ulisema siku hizo watoto wapite njia ya juu, na umeshazungumza na binamu yako mwenye pikapu. Ulisema utasimama kwenye nguzo mwenyewe kila alfajiri."

Sauti kutoka kwa kina mama wa ng'ambo: "Alisema hayo?" Mwingine akajibu: "Alisema. Sisi tulikuwa tunacheka."

"Sivyo," shemeji akasema tena.

Sikuwa na kilichobaki. Kumbukumbu za karani ziliishia hapo. "Niambie nilichosahau," nikamwomba.

"Nilianza kwa kuomba radhi," akasema. "Nilisema mimi ni mkwe tu hapa, sina ukoo katika ukumbi huu, na nisingesimama kama nisingekuwa naogopa."

Karani hakuandika, kwa kuwa alidhani ni adabu tu. Mimi sikusikia kwa kuwa nilishaanza kutunga utani wa msikiti.

Nikarudia mara ya tatu, kila neno, nikaanzia na radhi yake. Nilipofika kwenye "naogopa" nililitamka polepole, nikaendelea mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Mvua ilisikika juu ya bati, na mtoto mmoja akikohoa barazani.

"Ndivyo," akasema Zulbahri. Alinitazama kama alivyonitazama kutoka ng'ambo ya mto. "Sasa jibu."

Miaka kumi na tisa nimefundisha watu kujibu.

"Sina jibu, shemeji," nikasema. "Ulikuwa sahihi. Siku ile sikukujibu wewe, nilijibu kitu nilichokitunga nikakipa jina lako. Yule binti alipokusogeza, alikusogeza kwa maneno yangu."

Afrizon akafunga jalada, akalifungua tena. Mjomba Datuk alivua kofia, safari hii akaiweka chini mkekani mbele yake, na kichwa chake kikabaki wazi.

Gusmiati akasimama. Hakumwangalia mwenyekiti wala mimi. Akaliweka begi begani, akapita katikati ya wanaume wote mpaka nyuma kwenye viatu, akachukua mwavuli wa mumewe, akaelekea kulirudisha begi nyumbani kwetu kabla mkutano haujaamua lolote.